Upendo wa Kikristo na kumtumaini Mungu katika maisha ya Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye jumuiya, kwenye vikao vya akina mama, kwenye semina za ndoa na, zaidi ya kote, nje ya kanisa ibada ikiisha, pale mtu anapokuvuta pembeni na kusema, "Samahani, nina jambo dogo." Jambo lenyewe huwa si dogo. Maandiko tunayoyataja ni ya Union Version, maana ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Kama una haraka, ruka moja kwa moja hadi swali lako, ila lile la kwanza lisome. Mengine yanaliegemea.

Kumtumaini Mungu na kumpenda jirani vinahusiana vipi? Si mambo mawili tofauti?

Wengi huyatenga. Kumtumaini Mungu wanaliweka upande wa mfungo na mkesha, kumpenda jirani upande wa kumtembelea mgonjwa na kugawa nguo zisizovaliwa tena. Lakini kaa na watu wanaogombana, uwasikilize mpaka wamalize. Chini ya ugomvi utaikuta hofu: hela haitafika mwisho wa mwezi, watu watanicheka, nitaonekana mjinga, nitaibiwa tena. Mtu mwenye hofu yuko bize kujilinda, hana nafasi ya kumpenda mtu. Ndiyo maana Yohana anaandika, "Katika pendo hamna hofu, lakini pendo lililo kamili huitupa nje hofu" (1 Yohana 4:18).

Kwa hiyo humu, tukisema kumtumaini Mungu, tunamaanisha kumtendea mtu haki kabla hujajua yeye atakutendea nini, kwa kuwa mwisho wa jambo hauko mikononi mwako. Mistari miwili mbele, Yohana anasema asiyempenda ndugu yake aliyemwona hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona. Ndugu uliyemwona, kwa hapa mjini, ni yule mnayetumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia.

Nyumba yetu ina wapangaji watano na mita moja ya LUKU. Mmoja ameleta friji lakini anachangia sawa na sisi wenye taa tu. Nikisema, naonekana mgomvi. Nikinyamaza, naumia. Mkristo afanye nini?

Swali hili linaulizwa kuliko swali lolote la Utatu Mtakatifu.

Kunyamaza huku umebeba kinyongo usikuite upole. Yesu alitoa utaratibu: nenda kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu (Mathayo 18:15). Peke yenu maana yake usilianzishe uani wakati wenzako wanaosha vyombo, wala usilitume kwenye grupu la wapangaji ukamalizia na alama ya mikono iliyofumbatana. Piga hodi mlangoni kwake jioni, akiwa ameshakula.

Useme nini? Jaribu hivi: "Mama Junior, habari za jioni. Nimekuja tuongee habari ya umeme. Huu wa elfu ishirini tuliouweka juzi umekaa siku sita. Kabla ya friji ulikuwa unafika siku kumi. Wewe unaonaje, tugawane vipi?" Humo umetaja siku na hela, hukutaja tabia yake. Ukianza na "nyie watu hamna utu", umeshapoteza, hata kama haki iko upande wako.

Halafu usikilize kweli. Huenda friji ndilo linalomlisha: anauza barafu na juisi kwa wanafunzi, na alikuwa akijiuliza lini mtamjia juu. Huenda hajui kwamba friji la mtumba lenye mpira wa mlango uliolegea linafanya kazi usiku kucha bila kupumzika, na fundi akibadilisha ule mpira matumizi yanashuka. Huenda pia akakujibu vibaya. Hapo Mathayo 18:16 inakuruhusu kurudi na mtu mwingine, kwa mfano mpangaji wa siku nyingi anayeheshimika. Mkishindwana, mwombeni mwenye nyumba awaruhusu kila chumba kifungwe mita yake ndogo. Mjumbe aje mwisho kabisa.

Kumtumaini Mungu kunaingia usiku ule, baada ya wewe kuongea vizuri na yeye kununa. Warumi 12:18 inasema, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako umeumaliza, lala. Usiamke kesho ukaanza kukomoa: kuingiza umeme wa elfu mbili mbili ili zamu iishe haraka, au kushusha swichi kuu mchana kwa kisingizio cha shoti. Nyumba nyingi za kupanga Mbagala na Tandale zina Wakristo wazuri sana wanaokomoana hivyo mwaka mzima, na Jumapili wanapeana amani ya Bwana.

Ndugu yangu ananipiga mizinga kila mwezi, na "nitakurudishia" yake haijawahi kufika. Nikimkatalia, nitakuwa nimekosa upendo?

Hapana, lakini inategemea unamkatalia vipi na unamkatalia nini.

Tenganisha kutoa na kukopesha. Luka 6:35 inatuambia tukikopesha tusitumaini kupata malipo, na kwa ndugu wa namna hii huo ni ushauri mzuri hata kwa mahesabu tu. Amua kiasi unachoweza kukipoteza bila kumnunia, kisha ukitoe kama zawadi, uache kukiita mkopo: "Mdogo wangu, elfu hamsini sina uwezo nayo. Hii elfu kumi ni yako, usirudishe." Na tafadhali, tuma na ya kutolea. Elfu kumi isiyo na ya kutolea inafika mkononi mwake imeshakatwa, na yeye anaona umempa kwa kumpunja.

Ukikataa, kataa kwa ukweli. Mji huu umezoea kuzima simu, kutopokea, au kusema "sina" huku salio linasoma. Yesu alitaka Ndiyo yetu iwe ndiyo na Siyo iwe siyo (Mathayo 5:37). "Ninayo, lakini ni ada ya watoto, siigusi" ni maneno magumu kuyatamka, ila hayana uongo, na ndugu yako anajua amesimama wapi.

Mwulize pia hela ni ya nini. Ikiwa ni ya dawa au unga, nunua dawa, nunua unga. Ikiwa ni ya marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, elfu thelathini yako haitamwokoa, itamsogeza mpaka wiki ijayo tu. Hapo upendo unataka muda wako kuliko pesa. Kaeni na karatasi, aandike kila anayemdai, kiasi na tarehe, hata wale anaowaonea aibu. Kisha mwende pamoja kwa wakopeshaji mkaombe kupangiwa upya. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni, na ni haki yenu kuomba kuiona. Mkopeshaji aliyezoea kumfokea mtu mmoja mwenye hofu hubadilisha sauti akiona wamekuja wawili na kalamu.

Kuhusu kumdhamini, Mithali 22:26-27 ni kali kuliko mchungaji wako: inakukataza kuwadhamini watu kwa madeni yao, na kukuuliza kwa nini kitanda chako kichukuliwe chini yako. Sulemani angeishi Manzese angeongeza na televisheni na mtungi wa gesi.

Na andiko la "asiyetaka kufanya kazi asile" (2 Wathesalonike 3:10) litumie kwa uangalifu. Paulo anamsema asiyetaka. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusimama Kariakoo akitafuta mzigo wa kubeba, akarudi jioni mikono mitupu, anataka. Ni kazi ndiyo iliyokosekana.

Mwenzetu wa kikoba alikimbia na hela za watu. Sasa amerudi, ameomba msamaha, na anataka awe tena mtunza hazina. Si tumeambiwa saba mara sabini?

Msameheni. Funguo msimpe.

Kusamehe ni kuacha kumdai kisasi: hamumsemi vibaya, hamuombi balaa limpate, mnamsalimia mkikutana sokoni. Kumwamini na hela ni jambo jingine, na linajengwa upya polepole. Tazameni Yusufu. Ndugu zake walipokuja Misri kununua nafaka hakuwalipiza kisasi. Aliwapa chakula na fedha zao akazirudisha kwenye magunia. Lakini hakujitambulisha siku ile ya kwanza. Alitaka kujua kama bado ni watu wale wale wa kumuuza mdogo wao, na alipomsikia Yuda akijitoa yeye awe mtumwa badala ya Benyamini, ndipo akalia na kusema, "Mimi ni Yusufu" (Mwanzo 44 na 45). Machozi yalikuwa ya kweli, na jaribio lilikuwa la kweli pia.

Huyo mwenzenu aanze kama mwanachama wa kawaida. Arudishe alichochukua, hata kidogo kidogo. Zakayo hakuambiwa arudishe mara nne, alijitolea mwenyewe, na toba ya namna hiyo inaonekana kwa macho. Tena lile sanduku la kikoba lina kufuli tatu na watunza funguo watatu kwa sababu ya maana: mtu asiachwe peke yake na kishawishi. Kumrudisha kwenye hazina mwaka huu ni kumwonea.

Dada wa kazi nyumbani anakosea kila siku. Nimsahihishe vipi bila kumkosea Mungu?

Kabla ya makosa yake, tuangalie yako. Anakula saa ngapi, na anakula mlichokula nyie? Analala wapi? Mara ya mwisho alitoka lini kwenda kanisani kwake, au msikitini kama ni Mwislamu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Wako waumini wanaofunga siku tatu kuombea kazi zao za ofisini wakati nyumbani wana msichana ambaye hajapumzika tangu Pasaka.

Mshahara ndio kipimo chepesi. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua ulale kwako hadi asubuhi. Hapa mjini tuna msemo, "nakutunzia". Unamtunzia miezi minane, kisha siku anaondoka kwenda kwao Singida unaanza kukata: glasi mbili, pasi iliyoungua, sare ya mtoto iliyochujuka. Mpe hela yake tarehe yake, mkononi au kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Akitaka umtunzie kwa hiari yake, wekeni daftari, muandike wote wawili.

Akikosea, msahihishe peke yake, watoto wasiwepo. Mtoto anayekusikia ukimwita dada "wewe mjinga" atamwita hivyo kesho, na utamchapa mtoto kwa somo ulilomfundisha mwenyewe. Someni Filemoni, ni ukurasa mmoja tu. Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake akitaka apokelewe kama ndugu mpendwa, na kuhusu hasara anaandika kwamba kama anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo. Ile glasi iandike juu yako.

Kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya mtu akiandika "tumwombee dada fulani, ndoa yake inapita pagumu", ni maombi au ni umbea?

Mara nyingi ni umbea uliovaa gauni la kwaya.

Jipime kwa swali moja: mhusika amekuruhusu? Kama hajakuruhusu, Mungu anamjua kwa jina bila msaada wa watu 86 kwenye grupu. Ukihitaji wenzako wakusaidie kuomba, sema "nina jambo zito, naomba mniombee", ukaishia hapo. Atakayekufuata pembeni kuuliza "ni nani?" hakutaka kuomba.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoelekeza nguvu kwenye jumuiya ndogo ndogo miaka ya 1970, walitaka waumini wafahamiane nyumba kwa nyumba, mgonjwa ajulikane, mfiwa asikae peke yake. Walutheri na wengine nao wana jumuiya zao mitaani. Kufahamiana huko ndiko kunakobeba watu mji huu siku ya msiba. Lakini siri ikivuja mara moja tu, aliyeumia hafungui tena kinywa. Atakuja, ataimba, atatoa sadaka, atarudi kwake na tatizo lake.

Ukikuta umbea umeshaanza, huna haja ya kuhubiri. Andika tu: "Jamani, hili tumwachie mwenyewe aliseme." Kisha mpigie mhusika simu.

Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nivumilie na kuomba, Mungu atambadilisha. Je, kuondoka ni kukosa imani?

Hapana. Ukiwa hatarini, ondoka na watoto leo.

Daudi alimtumaini Mungu kuliko wengi wetu. Sauli alipomrushia mkuki, hakukaa aone kama wa pili utampata. Aliukwepa akakimbia, na usiku ule mkewe Mikali akamtelemsha dirishani (1 Samweli 19). Hakuna aliyemwambia kwamba amekosa imani.

Wanaokusomea 1 Wakorintho 13, "upendo huvumilia", wamsomee na yeye. Sura hiyohiyo inasema upendo haukosi kuwa na adabu wala hautafuti mambo yake. Anayesahau nusu ya sura asikufundishe nusu nyingine.

Kwa sheria ya nchi pia, hakuna ndoa inayompa mtu ruhusa ya kupiga. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na ukiwa umeumizwa utapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama umeumia sana, tangulia hospitali. Watoto wanaodhuriwa wana namba 116 ya kupiga. Mwambie mtu mmoja unayemwamini wapi ulipo, na hati zako (kitambulisho cha NIDA, vyeti vya watoto, kadi ya kliniki) ziwe mahali unapoweza kuzichukua kwa mkono mmoja.

Kumwombea abadilike unaweza kukufanya ukiwa kwa dada yako Kigamboni. Akibadilika kweli, itaonekana kwa miezi, mbele ya watu, na hatakuharakisha urudi.

Wazee wa kanisa wanaosoma hapa: kabla ya kumrudisha mwanamke kwa mumewe "wakayamalize", ulizeni nani atalala nyumba ile usiku.

Majirani zangu ni Waislamu. Kula futari yao au kwenda kwenye Idi si kuchanganya imani?

Paulo aliulizwa jambo la karibu na hilo, akajibu kwamba asiyeamini akikualika na ukataka kwenda, ule kila kilichowekwa mbele yako (1 Wakorintho 10:27). Nenda. Ukila uji wa pilipili manga na tambi za futari imani yako haipungui, na jirani atajua kwamba nyumbani kwake unapaona ni pa watu.

Yesu alipoulizwa "jirani yangu ni nani?" alimchagua Msamaria awe mfano, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakumhesabu kuwa wa imani yao. Alimfanya yeye ndiye mtenda wema. Huwa tunaisoma hadithi kana kwamba sisi ndio tunaotoa msaada daima, lakini Mkristo wa Dar ameshabebwa mara nyingi na Mwislamu wa mlango wa pili: maji yamekatika akachota kwake, mtoto ameugua usiku akapanda bajaji yake.

Nawe rudisha. Krismasi ukichinja kuku au mbuzi, mwombe jirani Mwislamu achinje, ili sahani ukiipeleka kwake aile bila wasiwasi. Wengi mitaani hufanya hivyo tangu zamani. Akifiwa, nenda mara moja, maana wao huzika haraka, mara nyingi siku hiyohiyo. Ukisubiri Jumamosi kama kwenye misiba yetu ya kusafirisha mwili mpaka Moshi au Bukoba, utakuta wameshamaliza. Mwanamke abebe mtandio.

Na spika za mkesha mzipunguze. Mtoto wa jirani ana mtihani, na Mungu anasikia sauti ya kawaida.

Konda amenirudishia chenji pungufu na kunitukana juu. Upendo unasemaje?

Dai chenji yako kwa sauti ya kawaida. Tusi liache lishuke naye Buguruni. "Jawabu la upole hugeuza hasira" (Mithali 15:1), na hata lisipomgeuza konda, litawapumzisha abiria wenzako, ambao wamesimama kwa mguu mmoja tangu Gongo la Mboto. Kwa wanaogombea mlango wa mwendokasi pale Kimara: mama mwenye mtoto mgongoni apite kwanza. Zaidi ya hapo, hatuna ufunuo.

Michango ya harusi imenizidi. Nina kadi nne mwezi huu. Nichange zote?

Changa kulingana na uwezo, na palipo sifuri andika mapema "safari hii sitaweza, ila siku yenyewe nitakuja kusaidia kupanga viti". Kamati ikikusema kwenye grupu, ni shida ya kamati. Kukopa ili uchangie ukumbi wa watu ambao nao wamekopa ni hofu ya kuchekwa, ile tuliyoitaja mwanzoni.

Kumtumaini Mungu si kukaa na kusubiri atende?

Ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu ulipotishiwa, Nehemia anasimulia kwa sentensi moja kwamba walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Hakuona mgongano kati ya hayo mawili. Omba kazi, na barua za maombi peleka. Ombea afya, na dawa za presha, za sukari au za kufubaza virusi usiache kuzinywa kwa sababu mtu amekutabiria. Paulo mwenyewe, aliyeombea wagonjwa wakapona, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Kuacha dawa ili "kuonyesha imani" kunafanana sana na lile alilopendekeza Shetani juu ya kinara cha hekalu, na Yesu alilikataa.

Mtumishi amesema nikipanda mbegu ya laki mbili, ndoa yangu itapona. Nitoe?

Hapana. Laki mbili hiyo nendeni nayo wewe na mwenzio mahali mkakae chini muongee. Na ibaki chenji.

Nimeomba miaka mingi kwa ajili ya familia yangu na hakuna kilichobadilika. Ninamtumainije Mungu ambaye hajibu?

Swali hili halina jibu la haraka, na anayekupa la haraka hajakusikiliza. Wengine watakwambia una dhambi iliyofichika au laana ya ukoo. Rafiki zake Ayubu walisema maneno ya jamii hiyo kwa sura nyingi, na mwishoni Mungu akawaambia wao ndio hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7).

Kwanza, unaruhusiwa kulalamika. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini?" inayorudiwa mara nne. Zaburi ya 88 ni nzito zaidi: inaanza gizani, inaishia gizani, na hakuna mstari wa mwisho wa kufurahi. Imo katika Biblia kama nyingine zote, na waliokusanya Zaburi hawakuona haya kuiweka. Siku usipoweza kuimba, isome hiyo kwa sauti. Ni sala halali.

Pili, wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo", hata hivyo hawatasujudu. Walisema hayo kabla ya tanuru, bila kujua mwisho. Wewe nawe uko kabla ya mwisho. Kaka yako anaweza asiache pombe. Binti yako anaweza akaendelea kutopokea simu. Unachoweza kuamua ni wewe utakuwa mtu wa namna gani wakati ukisubiri: kama utamwekea kaka sahani yake ya ugali bila kumsimanga, kama utamtumia binti ujumbe wa heri siku yake ya kuzaliwa bila kutia lawama ndani yake. Hayo hayategemei wao kubadilika.

Tatu, usisubiri peke yako. Tafuta mtu mmoja, si grupu, anayeweza kukaa na wewe kibarazani bila kukuhubiria. Kama umefika mahali huli, hulali, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali ukaonane na daktari, na umwambie huyo mtu leo hii. Muhimbili na hospitali nyingine kubwa zina madaktari wa afya ya akili, na kwenda kwao si dhambi wala aibu.

Jirani haitiki salamu yangu. Nimemsalimia mwezi mzima. Niendelee?

Endelea, ila usimkazie macho kumngojea ajibu, na usipaze sauti ili wapangaji wengine wasikie. "Habari za asubuhi, baba Anna," kisha upite na ndoo yako. Huenda hasikii vizuri sikio moja. Huenda kuna jambo aliambiwa juu yako, basi siku mkiwa wawili tu mwulize kama umemkosea. Akisema hapana, mwamini, na kesho msalimie tena.